Kumbukumbu za Tundu la Kumi na Moja

Ofisi nzima ilimwita Waya. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye mkataba wa kazi, na huko lilikaa kwa amani bila kusumbuliwa na mtu. Alikuwa fundi wa mtandao katika kampuni ya wahandisi wanaochora madaraja na mabomba ya maji, mgane wa miaka saba, na umri wa miaka hamsini na minne aliubeba vizuri isipokuwa kwenye ngazi.

Mwezi ule alikuwa amepata kazi aliyoililia kwa miaka mitatu. Swichi za mtandao za kampuni, vile visanduku vyenye matundu ishirini na manne ambamo kebo za kompyuta zote hukutana ili zipate kuzungumza, zilikuwa zimefikisha miaka kumi na minne na kiwanda kilichozitengeneza kilishazisahau. Waya aliandika barua, akaandika nyingine, hadi Meneja Utawala akakubali kwa shingo upande kwamba zinunuliwe mpya. Ila kwanza zilinganishwe chapa tatu, na ripoti ije na ushahidi. Meneja huyo alikuwa mwanamke wa haki lakini mwenye mkono wa birika, tena hakuamini jambo ambalo halijachapishwa kwenye karatasi. Wafanyakazi walimwita Bi Risiti, akiwa hayupo.

Mawakala wakaleta swichi moja moja za kujaribu. Majina ya chapa zenyewe yalikuwa marefu na ya kuuma ulimi, kwa hiyo Waya akaziita kwa rangi: Nyeusi, Bluu na Kijivu. Aliamua kila moja ikae kazini wiki nzima, kazi ya kweli, kwa sababu kusoma kijitabu cha wakala ni sawa na kumuuliza bwana harusi tabia zake mwenyewe. Akatengeneza jedwali lenye mistari tisa: mwendo, joto, kelele, umeme wa kulisha simu za mezani, urahisi wa kusimamia, kumbukumbu za hitilafu, dhamana, msaada wa wakala, na bei. Mahali pa majaribio palikuwa kabati la mtandao lililo kwenye chumba cha michoro, ghorofa ya chini kabisa, kwa kuwa ndiko hitilafu zilikozidi.

Hiyo ndiyo sababu aliyoiandika. Sababu nyingine hakuiandika popote, na ukimuuliza angekuambia haipo.

Chumba cha michoro kilikuwa na mtunzaji wake, mwanamke wa miaka hamsini na moja aliyeitwa Mama Michoro hata na watu waliomzidi umri. Mume wake alifariki miaka mitano iliyopita. Alikaa peke yake katikati ya rafu za ramani zilizoviringwa, akizipiga picha na kuwatumia wahandisi kwa kompyuta. Zamani wahandisi walishuka wenyewe kuzifuata, wakapiga soga, wakaacha vikombe vichafu. Siku hizi walibonyeza tu kitufe huko juu.

Miezi minane kabla ya majaribio, kebo ya kompyuta yake, iliyochomekwa kwenye tundu la kumi na moja, ililegea. Akapiga simu. "Fundi, nimekatika." Waya akashuka, akaisukuma kebo mpaka ikalia ta, akaandika kwenye daftari la hitilafu. Alikuwa akiondoka alipoona mchoro wa daraja mezani akauliza kwa nini nguzo moja ni nene kuliko nyingine. Mama Michoro akamweleza. Maelezo yakachukua dakika kumi na mbili, na yalikuwa mazuri.

Wiki ileile kebo ikalegea tena, na wiki iliyofuata mara mbili. Waya akabadilisha kebo, akabadilisha vichwa vyake, wapi. Kila ikilegea alishuka, na kila akishuka alijifunza jambo jipya kuhusu madaraja. Alianza kunyoa ndevu kila asubuhi, yeye ambaye kwa miaka saba wembe ulimwona Jumatatu tu. Na kila mara daftarini aliandika vilevile: tundu la 11 limelegea, swichi imechoka. Mistari hiyo ilifika sabini na moja, na ndiyo iliyomlainisha Bi Risiti. "Sabini na moja?" aliuliza, akavua miwani, akaivaa, akasaini.

Sasa, fundi yeyote, hata yule wa wiki ya kwanza, kebo ikimsumbua anaihamishia tundu jingine ili ajue ugonjwa uko kwenye kebo au kwenye tundu. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Waya alikuwa na miaka ishirini na sita ya kazi na hakulifanya hata mara moja. Tusimlaumu upesi. Mtu akiwa na raha yake ndogo hapendi kuipima.

Nyeusi ilianza. Ilikuwa ya bei rahisi, na ilipata joto la kutosha kukausha soksi. Feni yake ilipiga mluzi mpaka Mama Michoro akaweka pamba masikioni, na Waya alipojaribu namba ya msaada iliyobandikwa ubavuni, simu ikapokewa na mtu anayeuza matairi. Tundu la kumi na moja likakatika mara nne wiki hiyo. Waya akaandika: Nyeusi, matundu legelege.

Bluu ikafuata. Hiyo ilikuwa nadhifu, yenye mwendo, na dhamana ndefu. Lakini kila kitu chake kilidai leseni ya mwaka: ukitaka kusoma kumbukumbu za hitilafu, leseni, ukitaka kujua simu ipi inakula umeme kiasi gani, leseni. Simu ya msaada ilipokewa baada ya dakika thelathini na tano za muziki. Tundu la kumi na moja likakatika mara tano. Waya akaandika: Bluu, matundu legelege pia. Swichi ya zamani mbovu, mpya mbovu, na nyingine mpya mbovu, tena zote kwenye tundu lilelile. Aliandika bila kujiuliza.

Kijivu ilikuja ya mwisho. Haikuwa na feni wala mbwembwe, na taa zake zilikuwa ndogo. Simu ya msaada ilipokewa na kijana wa kike aliyejibu maswali yote sita bila kumwambia asubiri kidogo. Jumatano Waya alimwambia Mama Michoro kwamba kesho yake asingekuwepo, angepeleka Bluu kwa wakala. Ijumaa alasiri, akiwa amekaa kwenye chumba chake cha seva huku amevaa sweta kwa ajili ya kile kipupwe cha mashine, akafungua kumbukumbu za Kijivu ili azichapishe. Kijivu ilizitunza zote, bure, hadi sekunde.

Tundu la 11. Jumatatu limekatika saa nne na dakika nne. Jumanne, saa nne na dakika tano. Jumatano, saa nne na dakika nne. Alhamisi hakuna kitu. Ijumaa, saa nne na dakika nne.

Akasoma mara ya pili. Kebo iliyolegea haijui saa. Inachomoka wakati wowote, mchana kweupe au ofisi ikiwa imefungwa. Wala haijui kama fundi yuko kazini au amekwenda kwa wakala. Hii ilijua vyote viwili.

Waya aliketi akiutazama mstari wa Alhamisi, ule mtupu. Furaha ndiyo iliyotangulia, furaha ya kitoto kabisa, mpaka akacheka peke yake. Kuna mtu alikuwa anamtaka. Mtu mzima, mwenye akili zake, alikuwa ananyoosha mkono kila siku saa nne ili yeye ashuke ngazi. Halafu akaona kalenda, akakumbuka kwamba ripoti inatakiwa Jumatatu saa nane mchana, na kumbukumbu hizo ndizo ushahidi wenyewe. Bi Risiti angezisoma mstari kwa mstari. Angeuliza kama Waya alivyojiuliza, na angepata jibu lilelile. Mfanyakazi anayechomoa kebo za kampuni kwa makusudi huandikiwa barua, na wengine hawaandikiwi, hufukuzwa tu.

Pembeni ya kioo palikuwa na kitufe: futa kumbukumbu. Au angependekeza Bluu, bila kuilipia leseni na kwa hiyo bila kumbukumbu, mambo yakaishia hapo. Lakini Kijivu ilikuwa bora, na ubora wake mkubwa ulikuwa huohuo wa kukumbuka. Aliacha kila kitu kilivyo, akazima kompyuta, akarudi nyumbani.

Aliishi na binti yake, muuguzi, aliyerudi kwake baada ya ndoa kwenda mrama. Jumamosi walipokuwa wakinywa chai, binti alimwangalia alivyokoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari.

"Baba, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi umependa."

Waya akajitia hamnazo, akanywa chai ile chungu. Baadaye akamsimulia yote, ila kwa kusema ni mambo ya fundi mwenzake. Binti alisikiliza kwa heshima hadithi ya huyo fundi mwenzake.

"Huyo rafiki yako," alisema, "kabla ya kwenda kwa meneja amwendee mama wa watu kwanza. Asije akayasikia kwa mtu mwingine. Mimi ningekufa kwa aibu."

"Na akimwendea amwambie nini?"

"Baba, hilo usiniulize mimi. Mwulize rafiki yako."

Jumatatu saa mbili asubuhi Waya alishuka. Mama Michoro alikuwa ndiyo kwanza anafungua madirisha yale madogo ya juu. Alishtuka kumwona saa hiyo.

"Fundi, kulikoni mapema hivi? Mbona sijakupigia."

Waya hakuwa na maneno ya kuzunguka. Akampa karatasi ya zile kumbukumbu, aliyoichapisha asubuhi hiyo. "Hii swichi mpya inaandika kila kebo inapochomoka. Sikujua itaandika hivi. Wala wewe hukujua."

Alisoma akiwa amesimama. Kidole chake kikashuka mstari mmoja mmoja, kikafika Alhamisi, kikakaa hapo. Kisha akakaa kwenye kiti chake, akaiweka karatasi mezani, akailainisha kwa viganja kama anavyolainisha michoro. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu.

"Mara ya kwanza ilitoka yenyewe," alisema. "Naapa, ile ya kwanza ilitoka yenyewe. Ukaja, ukaniuliza habari ya ile nguzo. Hiyo siku nilikuwa sijasema neno na mtu tangu Ijumaa, Fundi. Niliisikia sauti yangu nikajishangaa." Akaisogeza karatasi kando. "Ya pili niliivuta mwenyewe."

"Nimeandika mara sabini na moja kwamba swichi ni mbovu. Meneja amesaini kwa ajili hiyo."

Hilo ndilo lililomvunja. Akaweka mkono mdomoni. "Kumbe yanaandikwa? Mimi nilidhani unashuka tu, unachomeka, basi. Mungu wangu. Nimewatia hasara watu."

"Swichi ni chakavu kweli, zingebadilishwa tu. Ila zile sabini na moja si zake. Nami nimezisingizia hata Nyeusi na Bluu."

"Basi andika. Andika kama ilivyo, na jina langu uweke. Sitaki useme uongo kwa ajili yangu."

"Nitaandika. Na nitaandika kwamba sikuchunguza, kwa sababu sikuchunguza. Ningehamisha kebo siku ya tatu tu ningejua. Nilikuwa sitaki kujua. Ila, tafadhali, usiivute tena. Sasa itakuletea matata."

Mama Michoro alimtazama kwa macho yaliyojaa maji, ila alikuwa ametulia. "Nisipoivuta," alisema, "utakuja kwa sababu gani?"

Jibu Waya alikuwa nalo. Lakini mwanamume aliyezungumza na mashine kwa miaka ishirini na sita, na kwa miaka saba hakumwambia mtu neno tamu zaidi ya "lala salama", alisimama pale akikwaruza ukucha kwenye ukingo wa meza. Simu ikalia juu ya meza, mhandisi fulani akitaka ramani ya bomba, na Mama Michoro akaipokea. Waya akapanda ngazi akijitukana kila hatua.

Alikaa kwenye ripoti hadi saa sita. Alisahihisha maelezo mawili aliyoyaandika awali: Nyeusi, matundu mazima, Bluu, matundu mazima. Akapendekeza Kijivu, akieleza kwa nini. Chini yake akaandika kwamba hitilafu sabini na moja za tundu la 11 hazikuwa za swichi, bali kebo ilichomolewa kwa mkono, isipokuwa ile mara ya kwanza, na kwamba fundi alizisajili bila kuzichunguza. Akaweka jina lake, na la Mama Michoro kama alivyotaka mwenyewe, na mkono wake ulisita zaidi kwenye hilo la pili.

Bi Risiti alisoma kurasa zote mbele yake bila kuinua uso. Alipofika mwisho akavua miwani.

"Alikata kazi za nani mwingine?"

"Hakuna, Meneja. Kompyuta yake peke yake."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nikifika. Tuseme dakika sita. Halafu..."

"Halafu mnakaa." Alifungua ukurasa wa kumbukumbu, akaziangalia zile saa nne, akaiangalia ile Alhamisi. Kitu fulani kikapita usoni pake, kikapita upesi. "Wewe ulishuka ngazi mara sabini na moja. Na goti lako lile."

"Ndiyo, Meneja."

"Kijivu inunuliwe, ripoti ni nzuri. Kila mmoja wenu atapata barua ya onyo, wewe kwa kuandika usichokichunguza, yeye kwa alichofanya. Ningeweza kufanya makubwa zaidi, ujue hilo. Na kuanzia leo hakuna kushuka kule saa za kazi bila hitilafu iliyosajiliwa. Nitakuwa naangalia, si umesema inaandika kila kitu?"

"Inaandika, Meneja."

"Haya."

Jumanne ilipofika saa nne Waya alikuwa mbele ya kioo chake. Taa ishirini na nne za Kijivu zilikuwa kijani. Dakika ya nne ikapita, ya tano ikapita. Tundu la kumi na moja halikutikisika. Hakuwahi kuona mtandao mzima kiasi kile, na ulimuuma. Alifikiri labda barua ilikwishamfikia Mama Michoro, na sasa anamwona yeye ni mtu aliyemletea karatasi yenye mhuri, baada ya miezi minane ya madaraja. Saa tano kukawa kijani. Saa sita kukawa kijani. Akapiga moyo konde mara tatu, na mara tatu moyo ukamrudi mikononi.

Saa saba kamili watu walitoka kwenda kula. Waya akachukua mkate wake na chupa ya chai, akashuka. Goti lilimlalamikia njia nzima.

Barua ya onyo ilikuwa mezani, imekunjwa vizuri, karibu na mikono ya Mama Michoro. Alipomwona mlangoni alisimama haraka, akarudi nyuma hatua moja kutoka kwenye kabati la mtandao.

"Fundi, sijaigusa. Haki ya Mungu leo sijaigusa."

"Najua. Nimeangalia asubuhi nzima."

"Basi urudi juu. Meneja amesema usije bila hitilafu. Utaongezewa barua."

"Amesema saa za kazi. Hii ni saa yangu ya kula, haiandikwi popote." Aliweka mkate na chupa ya chai mezani. "Jana uliniuliza nitakuja kwa sababu gani, nikanyamaza kama gogo. Nakuja kwa ajili yako. Nilikuwa nakuja kwa ajili yako tangu ile ya kwanza, iliyotoka yenyewe. Ningelisema siku hiyo, leo usingekuwa na hiyo karatasi mezani."

Mama Michoro aliichukua barua ya onyo, akaitia kwenye droo, akaisukuma droo kwa nyonga mpaka ikafunga. Nje, mtu alipita korido akiongea na simu, akatokomea.

"Sijasikia vizuri," alisema. "Rudia."

Waya akarudia.